Dakika Arobaini na Tano Hadi Nairobi

Okoth mwanangu,

Mkoba wako umeegemea mlango na umeshafungwa, kwa hiyo sitakuandikia habari za sweta, wala za kuficha pasipoti, wala za watu wa kuwaepuka njiani. Hayo umeambiwa wiki nzima. Dada za mama yako wamekuambia ya kweli na yasiyo ya kweli, na mmoja amekushauri ubebe omena, dagaa wetu wa ziwani, nami nimenyamaza kwa sababu najua watakunyang'anya uwanjani. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi bila kukuambia, maana unaujua mdomo wangu: ukifika mahali pagumu unaanza kuzungumza habari za mbao.

Umeenda Kondele kuwaaga wenzako, au ndivyo ulivyosema ukitoka. Najua ulitoka kwa sababu ya neno nililolisema mchana mbele ya Baba Mkubwa wako. Nitafika hapo. Acha kwanza nianze na juzi.

Juzi ulikaa hapa mezani ukanionyesha kwenye simu yako ule mstari unaotoka Kisumu hadi Nairobi, halafu ule mrefu unaopita juu ya Ethiopia na kuvuka maji hadi Doha. Ulisema, "Baba, tazama. Kisumu Nairobi dakika arobaini na tano. Nairobi Doha saa tano na kitu. Mtu wa basi la Mombasa anachoka kuliko mimi."

Nikakuuliza, "Na kilomita?"

"Kilomita ni za watu wa chini. Ukiwa juu ni masaa tu. Siku ukinihitaji unapiga simu, kesho yake niko hapa nakula samaki."

Nilicheka nikakupiga begani, nawe ukadhani nimefarijika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Maneno hayo niliyasikia zamani kutoka kwa mtu mwingine. Niliyaamini, na kuyaamini kwangu ndiko kulikomuua mama yako.

Unamkumbuka akikaanga mgongo wazi pale kwenye kona yetu ya Obunga, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishatoa minofu. Watu walisema Nyar Alego ana mkono wa chumvi. Mimi pia nilimwita hivyo, binti wa Alego, hata tukiwa wawili tu. Hakuwa na saa. Ndege ndizo zilizokuwa saa yake, kwa vile zilipita juu ya mabati yetu. Ya asubuhi ikipita alikuamsha uende shule. Ya jioni ikipita alimimina mafuta kwenye karai. Siku moja akiwa ameinua mwiko juu aliniuliza, "Hawa watu kila siku wanakimbilia nini Nairobi?" Nikamwambia wanakimbilia mikutano. Akasema, "Mikutano gani hiyo isiyoisha? Hata chama chetu cha wanawake huwa kinafika mahali watu wanaenda kupika."

Tumbo lilipoanza kumsumbua tulidhani litapita. Alikunywa majani ya kila aina. Baadaye tulienda hospitali hapa mjini, na baada ya kupimwa mara kadhaa daktari, msichana mdogo tu mwenye sauti ya upole, alituita tukakaa. Alisema kuna uvimbe, na kwamba wao hapa wamefika mwisho wao. Akatuandikia barua ya Nairobi.

Alisema, "Mzee, nendeni wiki hii."

Nikamwambia naiogopa barabara, ile ya kupanda hadi Kericho na kushuka tena hadi Nakuru, kutwa nzima mgonjwa akirushwa.

"Si lazima barabara," akaniambia. "Panda ndege. Ni dakika arobaini na tano. Kabla hajachoka kukaa mmefika."

Alitaka kuniondolea hofu, na aliiondoa. Yeye alimaanisha: nendeni leo, ni rahisi. Mimi nilisikia: hata kesho itakuwa rahisi. Hapo ndipo nilipopotea, Okoth, pale pale kwenye kiti, na sura yangu ilikuwa ya mtu aliyeelewa kila kitu. Nimewaza sana juu ya hilo. Angeniambia Nairobi ni mwendo wa siku tatu kwa miguu, ningembeba mgongoni jioni ile ile tukaanza. Safari ndefu humwamsha mtu mapema. Ile fupi huwekwa mwisho, baada ya mengine yote, kwa sababu unajua ipo na haitarefuka. Dakika arobaini na tano za leo ni arobaini na tano za mwezi ujao. Uwanja wa ndege hauhami. Mgonjwa ndiye anayehama, na yeye hakuambii.

Sasa kuna habari ya dala, boma la mtu mwenyewe. Unaijua, lakini nataka kuiandika niione mwenyewe kwenye karatasi.

Wakati ule sikuwa na boma langu Asembo. Nilikuwa na simba yangu ya ujana katika boma la marehemu babu yako, nyumba ya kijana, na paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja. Kwetu mwanamume mwenye mke na watoto hutoka kwa babake akaenda kupiga dala lake mwenyewe, yeye na mkewe na mwanawe wa kwanza wa kiume, na jogoo na shoka na moto. Mwanamke akifa kabla mumewe hajapiga dala, kifo chake huleta maneno. Atazikwa, ndiyo, lakini kama mgeni katika boma la watu, na wazee watabishana juu ya mwili wake kama watu wanaobishania mpaka.

Usiku ule tuliporudi na barua ya daktari, mama yako alilala akiutazama ukuta. Akasema, "Usiniache nife kama mtu asiye na mlango wake."

Alisema hivyo mara moja. Mimi nimelirudia neno lile mbele ya watu mara nyingi sana, na kila mtu akatikisa kichwa akasema, basi, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Ambalo sijamwambia mtu ni la asubuhi yake. Asubuhi alikuwa ameketi kitandani anafunga kitambaa, akasema, "Lile la jana lilikuwa la usiku. Twende tu Nairobi kwanza." Nikamwambia, "Tutaenda. Nairobi ni hapa tu. Acha kwanza nikujengee." Akanitazama, akamaliza kufunga kitambaa chake. Hakurudia tena.

Kwa hiyo si yeye, Okoth. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka. Si mila peke yake pia, ingawa mila ilikuwepo na ilikuwa na uzito wake. Nilikuwa naogopa. Niliogopa ndege, niliogopa hospitali kubwa, niliogopa kuulizwa maswali na watu wenye kalamu. Mbao siziogopi. Mtu akiniambia jenga, najua pa kushika. Nilipopata sababu ya kujenga niliikimbilia kama mtu anayekimbia mvua.

Halafu Baba Mkubwa wako naye hakuwa na dala. Unajua sheria: mkubwa hutangulia. Mdogo akimruka mkubwa, watu wanasema ni chira, ile laana inayomla mtu taratibu hadi anabaki mifupa. Mama yako tayari alikuwa anaisha nyama mwilini, nani angethubutu kuongeza chira? Nikampigia simu Port Victoria, alikokuwa akinunua omena na kupeleka sokoni. Akasema, "Omera, ndugu yangu, mwisho wa mwezi. Sasa hivi omena inaingia vizuri, nikiiacha watu watakula mahali pangu." Mwisho wa mwezi ukafika na mvua. Lori la mchanga likakwama. Kisha mkewe akasema hapendi kile kiwanja, kina mchwa. Kila jambo lilikuwa dogo. Hakuna hata moja ambalo ungeweza kulinyooshea kidole useme hili ndilo. Na kila lilipotokea nilijiambia, ndege ipo, ni dakika arobaini na tano.

Mwishowe alijenga yake, nami nikajenga yangu. Wazee walinishauri niweke kibanda cha siku moja, fito na udongo, kinatosha kimila. Mimi nilitaka mlango. Nilikaa na mbao za ule mlango kuliko ilivyohitajika, nikizipiga randa nyuma ya jiko la jirani, na mama yako amelazwa kwenye mkeka karibu nami kwa sababu alipenda harufu ya mbao mbichi. Siku moja aliniuliza, "Utafungukia ndani au nje?" Nikamwambia ndani. Akasema, "Vizuri. Wa nje huwagonga wageni." Nilifurahi siku nzima kwa sababu aliongea.

Asubuhi ya kupiga dala ulikuwa na sweta yako ya shule. Ulikuwa na miaka kumi na minne na shoka lilikuwa zito kwako, ukalihamisha bega hili hadi lile. Mama yako alibeba moto kwenye kigae. Alikuwa akisimama, anatembea kidogo, anasimama tena. Wewe ulimsikia akihema ukataka kugeuka umsubiri, na Baba Mkubwa akakukemea: "Mwenye shoka hageuki nyuma." Ukaendelea mbele. Niliiona shingo yako. Mimi nilikuwa kati yenu, na sikusimama kwa ajili ya yeyote kati yenu wawili.

Tulilala pale siku zile nne ambazo ukoo wetu unazitaka. Siku ya tano tulienda kupanda ndege.

Sijawahi kukusimulia safari ile. Nilimpa kiti cha dirishani. Ndege ilipoinuka ilizunguka juu ya ziwa, naye akaliegemeza paji la uso kwenye kioo akitafuta Obunga. Alisema mabati yote yanafanana, kisha akasema ameiona kona yake, na sijui kama aliiona kweli. Msichana wa ndege alitupa vibiskuti vidogo na maji ya matunda. Mama yako alikunywa kidogo, vibiskuti akaviweka mkobani. "Vya Okoth," akasema. Halafu mawingu yakaja, akafumba macho. Nilishika mkono wake, na nilikuwa bado nahesabu moyoni mambo ya kumwambia, yale ambayo mtu huyaweka kwa ajili ya njiani.

Magurudumu yakagonga chini. Akafungua macho, akashtuka.

"Tumerudi? Kuna nini?"

Nikamwambia, "Hapana. Tumefika Nairobi."

Alitazama nje. Aliona nyasi, na watu wa makoti ya rangi ya machungwa wakisukuma ngazi. Aliendelea kutazama mpaka watu wote wa mbele yetu wakawa wamesimama. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aliyeonyeshwa duka alilokuwa akilitafuta mtaa mzima, "Kumbe ilikuwa hapa tu."

Huko hospitali daktari alisoma ile barua, akatazama tarehe yake, akanitazama mimi. Aliniuliza, "Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunajenga."

"Mnajenga nini?"

"Nyumba yake."

Hakunigombeza. Aliikunja barua vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani. Ningependa angenigombeza.

Yaliyobaki uliyaona. Hakukaa huko sana. Tulimrudisha ndani ya sanduku, kwa barabara, ile ile niliyoiogopa, kutwa na usiku, watu wakiimba ndani ya gari hadi sauti zikakauka. Alilala usiku mmoja ndani ya nyumba yake, akapita kwenye mlango wake, akazikwa upande wa kushoto kama mwenye boma. Hakuna mzee aliyebishana. Bibi mmoja alinishika mikono miwili akaniambia, "Umemheshimu, wuod Asembo, mwana wa kwetu. Wanaume wa siku hizi hawafanyi hivi." Kila mtu alinisifu. Mpaka leo wananisifu. Nikipita Asembo wananiamkia kama mtu aliyefanya jambo.

Wewe peke yako hukunisifu. Jioni ile, watu wakila, ulikuja nyuma ya nyumba nilikokuwa nimesimama ukaniuliza, "Baba, ndege ilichukua muda gani?"

Nikakujibu, "Dakika arobaini na tano."

Ukatikisa kichwa ukaenda zako. Nilikuita unywe chai, hukugeuka. Tangu siku hiyo umekuwa kijana mwema kwangu. Unaniamkia, unaniletea dawa ya mgongo, hujawahi kunijibu vibaya mbele za watu. Lakini lile jibu langu liliingia kati yetu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuliondoa.

Nyumba ile ya Asembo haina mtu. Mlango umevimba kwa mvua, inabidi niusukume kwa bega. Naenda kufyeka nyasi kaburini, nafungua, nakaa kidogo kwenye kigoda, nafunga, narudi Obunga. Watu husema kazi nzuri hudumu. Ni kweli. Imedumu kuliko wote niliowajengea.

Sasa leo.

Baba Mkubwa alikuja mchana na fito zimefungwa kwenye boda boda, zimezidi nyuma na mbele, kijogoo kimening'inia kwenye usukani. Ulicheka, nami nikacheka, na yule dereva akasema hajawahi kupakia abiria wa aina hiyo. Hatukujua bado kilichomleta. Alikaa, akanywa maji, akasema:

"Okoth hajajenga simba."

Nikamwambia, "Anasafiri kesho."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Mtoto wa kwanza wa dala avuke maji bila hata kibanda katika boma la babake? Akirudi ndani ya sanduku atalazwa wapi, kwenye veranda?"

Wewe ulisema, "Baba Mkubwa, nitarudi na miguu yangu."

"Wote wanaenda na miguu yao, nyathina, mwanangu. Mimi sikuombei mabaya. Jumamosi hii tunaenda Asembo, tunasimamisha fito, unalala usiku mmoja, Jumatatu unaruka. Hiyo Doha imekuwepo. Itatoroka?"

Ulinigeukia mimi. Ukaningoja. Nami nilisikia mdomo wangu ukisema, "Labda ni kweli, Okoth. Wiki moja si kitu. Ndege zipo kila siku."

Miaka kumi, na bado lilikuwa limekaa mdomoni tayari. Sikulitafuta. Lilitoka lenyewe.

Ulisema, "Kazi haingoji, Baba. Nisipofika siku yao wanachukua mwingine." Kisha ukavaa viatu, na ukiwa mlangoni ukasema kwa sauti ya chini, "Na mimi shoka nilishabeba."

Baba Mkubwa aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia sikusikia.

Nilisikia.

Alipoondoka kwenda kulala kwa shemeji yake Manyatta, nilikaa na fito zile ukumbini mpaka giza likaingia, kisha nikampigia simu. Nikamwambia kijana anaondoka kesho na hatutajenga chochote.

"Umekuwa mzungu lini, omera?"

"Sijawa mzungu. Nimekuwa mjane."

Kisha akasema, "Mimi nilikuacha upige dala. Niliacha biashara yangu nikaja nikajenga kabla yako, ili wewe uweze. Leo unaniambia ilikuwa bure?"

Nilitaka kumwambia hapana. Ni ndugu yangu, Okoth, na alikuja kweli, hata kama alichelewa, na yeye pia alimlilia mama yako. Lakini nikamwambia, "Ndiyo. Ilikuwa bure."

"Basi likitokea la kutokea usiniite."

"Sitakuita."

Alikata simu. Hatujawahi kuachana hivyo hata tukiwa watoto. Asubuhi hutamkuta hapa, na usimtafute. Hilo ni langu.

Kwa hiyo asubuhi nikikuamsha nitakuambia neno moja: nenda. Nitajaribu lisifuatwe na lingine. Ukiniona nimefungua mdomo tena, beba mkoba utoke.

Sasa nikuambie ninachokiona, maana umeshakuwa mtu mzima na sipendi kukudanganya usiku wa mwisho. Sidhani kama tutaonana tena. Sisemi hivyo kwa kukulaumu, wala siumwi kitu nilichokuficha. Nasema kwa sababu naujua uzito wa kitu kilicho karibu. Wewe una saa tano na kitu, na hizo dakika nyingine. Mwaka wa kwanza utasema, bado nafahamiana na kazi, na ndege zipo. Mwaka wa pili utasema, acha nimalize mkataba. Utakuwa mkweli kila mara. Hakutakuwa na siku hata moja utakayoweza kusema, siku hii ndiyo nilimwacha baba yangu. Wapo watu wa mtaa huu waliokwenda kwa miaka miwili, na mama zao walizikwa wakitazamwa kwenye simu. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa karibu mno.

Kama mambo yatakuwa tofauti, nitafurahi. Lakini sitakaa nikingoja, nawe usikae ukifikiri nangoja. Kungoja nimeshangoja vya kutosha, na nilimfundisha mama yako pia, ambaye hakustahili kujifunza.

Ukipigiwa simu siku moja kwamba nimelala, utaanza kupiga hesabu ya ndege. Najua utafanya hivyo kwa sababu wewe ndiye wa kwanza, na udongo wa kwanza kaburini ni wako. Watakuambia mwili unangoja. Watakuambia wamesimamisha kila kitu kwa ajili yako. Nakuambia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mapema: usije mbio. Waambie baba yangu aliniambia watangulie. Udongo wa kwanza atautupa yeyote aliyesimama karibu, hata kama ni jirani. Nitakuwa upande wa kulia wa mama yako, kando ya nyumba ile ile ambayo hakuna anayelala, na sitajua ni mkono wa nani. Wewe siku hiyo kula chakula chako, nenda kazini, lala. Wakikuita mtoto asiye na shukrani, mimi nimeshalisikia neno hilo mapema nikiwa hai, na nimelikubali.

Hilo ni kuhusu mimi. Kuhusu wewe, ninaomba jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu badala ya kulala.

Ukiumwa huko, mwili ukikuambia kitu hata kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi, wala zamu iishe, wala mtu wa kwenu wa kukusindikiza. Hospitali ikiwa karibu na unapolala, ndiyo zaidi uharakishe. Wala usinipigie simu kwanza kuniuliza. Mimi ningekuambia ungoje.

Ni mimi,
baba yako